Vipande vya Fustat na kompyuta zinazovitafutia ndugu zao

Haya ndiyo niliyoongea juzi mbele ya wanafunzi wa historia na ukutubi. Wengi waliniomba maandishi, kwahiyo nimeyaweka karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu salamu za mwanzo.

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo zangu hamjambo. Mada niliyopewa ni zana za kidijitali za kuchunguza maandiko ya kale ya Wayahudi, na najua wengine mlipoiona kwenye tangazo mlijiuliza hii inatuhusu nini sisi. Inatuhusu, tutafika huko. Ila kwanza tuingie kwenye mambo yenyewe maana ni matamu na mtu akishayaelewa hahitaji kubembelezwa.

Fustat, Kairo ya zamani, kuna sinagogi linaitwa Ben Ezra. Ndani yake kulikuwa na chumba, ghala tu, wenyewe wanaliita geniza, tundu lake liko juu ukutani mpaka upande ngazi, na Wayahudi wa pale walikuwa wanatupia humo karatasi zilizochakaa. Sababu ni kwamba andiko lenye jina la Mungu haliendi jalalani, na hili sisi tunalielewa vizuri tu kwasababu hata hapa msahafu ukichanika watu hawautupi ovyo, unazikwa au unachomwa kwa heshima. Wenzetu wa Fustat walikwenda mbali zaidi, wakawa wanaweka humo karibu kila kilichoandikwa: Torati, sala, talaka, mikataba ya ndoa, barua za biashara, daftari za watoto wanaojifunza herufi, dawa alizoandika tabibu, hesabu za duka, malalamiko ya mke ambaye mume wake kasafiri na hajarudi. Karne baada ya karne, karibu miaka 1,000. Na Misri ni kavu, kwahiyo havikuoza.

Mwaka 1896 mapacha wawili wa Scotland, Agnes Smith Lewis na Margaret Dunlop Gibson, wanawake wasomi kwelikweli, walirudi kutoka safari ya Mashariki na kurasa walizonunua huko. Wakamwonyesha Solomon Schechter, msomi wa maandiko ya Kiyahudi pale chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, na yule mzee akatambua ukurasa mmoja kwamba ni Yoshua bin Sira kwa Kiebrania, kitabu ambacho kwa karne nyingi kilikuwa kinajulikana kupitia Kigiriki na tafsiri nyingine. Kabla mwaka haujaisha Schechter akaenda Kairo, viongozi wa sinagogi wakamruhusu, akafunga safari ya kurudi na vipande karibu 193,000. Na hivyo ni vya Cambridge tu jamani! Vingine vilikuwa vimeshauzwa na vikaendelea kuuzwa, vikaenda Oxford, New York, Paris, Budapest, Manchester, Philadelphia, St Petersburg. Ukijumlisha vyote ni zaidi ya 300,000.

Sasa hapo ndio kwenye tatizo lenyewe, na nataka mlishike vizuri maana zana zote nitakazowatajia zimezaliwa kutokana nalo. Hivi ni vipande, vitabu vizima humo ni vichache mno. Ukurasa umechanika, nusu iko Cambridge, nusu ya pili iko New York, na ukurasa unaofuata uko Paris ndani ya bahasha ambayo juu yake mtu kaandika "sala" basi. Chukua kanga, uichane vipande, kila kipande ukipeleke mji wake, changanya na vipande vya kanga nyingine laki moja, alafu mwambie mtu airudishe ilivyokuwa pindo na mji na jina lake. Ndio kazi waliyopewa wasomi wa geniza ya Kairo.

Na waliifanya. Kwa zaidi ya miaka 100 waliifanya kwa macho na kumbukumbu za kichwa. Mtu anakaa Cambridge anasoma kipande, anauzoea mwandiko, miaka inapita, siku moja yuko Oxford anafungua boksi anauona mwandiko uleule, moyo unamruka. Mwanahistoria mmoja, S. D. Goitein, alijaza maelfu ya kadi kwa mkono wake, kila kadi ina jina la mtu au bei ya kitu au bandari, na kutokana na kadi hizo akaandika juzuu nene kuhusu maisha ya watu wa Mediterania ya enzi hizo, ya kwanza ikatoka 1967. Nawataja hawa makusudi. Kila kompyuta nitakayowasimulia leo imekula jasho la watu wa namna hii, na ukiona mtu anakwambia mashine imefanya yenyewe, ujue hajaiangalia kazi hiyo kwa karibu.

Mwaka 1999 ukaanza mradi wa Friedberg, umepewa jina la mfadhili wake wa Toronto, lengo likiwa kuvipiga picha vipande vyote popote vilipo duniani na kuviweka sehemu moja. Kichwa cha upande wa kompyuta alikuwa Yaacov Choueka, ambaye kabla ya hapo alishaongoza mradi wa chuo kikuu cha Bar-Ilan, Israeli, wa kuingiza kwenye kompyuta majibu ya marabi kwa maswali ya sheria, mradi ambao ulianza 1963, wakati ambao kompyuta ilikuwa inajaza chumba. Kwahiyo hii habari ya Wayahudi kutafuta maandiko yao kwa kompyuta haijaanza jana, ina miaka 60 sasa.

Picha ilipigwaje? Hapa wanaukutubi nisikilizeni. Kipande kinawekwa juu ya karatasi ya buluu, pembeni kuna rula. Ile buluu ni kwasababu ngozi na karatasi za zamani ni kahawia na njano njano, wino ni mweusi au kahawia, kwahiyo buluu haipo kabisa kwenye kipande na kompyuta inaweza kukata kipande kutoka kwenye picha bila kubabaika. Rula ni ili mashine ijue sentimita moja ni piseli ngapi. Vitu vidogo hivyo! Wangepiga juu ya meza ya mbao, miaka kumi ya kazi ingekuwa mashakani. Mkipiga picha nyaraka za babu zenu kwa simu, wekeni kitambaa cha rangi moja chini na rula pembeni, mtanishukuru.

Alafu akaja Lior Wolf na Nachum Dershowitz wa chuo kikuu cha Tel Aviv na wenzao, wakasema wacha kompyuta itafute viungo, yaani vipande viwili vilivyotoka kitabu kimoja. Mashine inapima mambo mawili. Kwanza umbo la ukurasa: mistari mingapi, nafasi kati ya mstari na mstari, pambizo lina upana gani. Pili mwandiko: inachukua maelfu ya vipande vidogo vya herufi, kona hii, mkunjo ule, inavigeuza kuwa namba, inalinganisha namba za kipande hiki na za kile. Mwaka 2013 walizifunga kompyuta zaidi ya 100 pamoja zikalinganisha kila kipande na kila kipande, na hesabu hiyo inapita jozi bilioni 12. Binadamu hawezi, hata mkikaa hapa wote mpaka wajukuu zenu wazeeke.

Lakini sikilizeni mashine inatoa nini mwishoni. Inatoa orodha. Inasema kipande hiki na hiki vinafanana kwa kiasi hiki. Basi. Mtu ndio anafungua picha mbili ubaoni, anasoma sentensi inayoishia kwenye mchaniko wa huku, anaangalia kama inaendelea kwenye mchaniko wa kule, ndio anasema naam, ni ndugu. Mamia ya viungo vipya yamepatikana hivyo, vingine kati ya maktaba ambazo hakuna mtu aliyewahi kufikiria kuziweka pamoja. Kwangu mimi huu ndio mgawanyo wa kazi ulio sahihi kabisa, mashine inakuletea karatasi mbili mezani, kusoma ni kwako.

Chuo kikuu cha Princeton, Marekani, nao wana mradi wao, ulianza katikati ya miaka ya 1980 kwa kuingiza kwenye kompyuta yale maandishi ambayo Goitein aliyanakili kwa mkono. Huu naupenda sana kwasababu unashughulika na barua na hati za maisha ya kila siku, hauishii kwenye vitabu vya dini, na uko wazi, bure, unaingia na simu yako hapohapo ulipo. Unaandika jina la mji, zinakuja nyaraka, picha, maandishi, maelezo kwa Kiingereza. Andika Aden. Hapo utakutana na bahari yetu. Wafanyabiashara wa Kiyahudi wa Misri na Tunisia na Yemeni walikuwa wanapita Aden kwenda India kwa pepo zilezile zilizokuwa zinaendesha majahazi ya huku, kaskazi na kusi, na barua zao zimejaa pilipili, chuma, hariri, nahodha fulani kachelewa, meli fulani imezama, mpelekee mama salamu.

Kuna barua moja sitaacha kuitaja. Karibu mwaka 1170, David, mdogo wake Musa bin Maimuni, yule tabibu na mwanasheria mkubwa ambaye Wazungu wanamwita Maimonides, alimwandikia kaka yake kutoka bandari ya Aydhab upande wa Bahari ya Shamu. Anamwambia amevuka jangwa, amepata shida, bidhaa alizotegemea hakuzipata, kwahiyo ameamua kuendelea mpaka India, usijali, Mungu aliyenivusha jangwani atanivusha baharini. Alizama Bahari ya Hindi. Kaka yake aliandika baadaye kwamba aliugua kitandani karibu mwaka mzima kwa ajili ya msiba huo. Barua ya David ipo Cambridge, karatasi halisi, na picha yake unaweza kuikuza mpaka unaona mkono ulivyokuwa unakimbia. Nimeisoma na wanafunzi zaidi ya mara moja na kila mara darasa linanyamaza.

Nirudi kwenye zana. Zamani mtu akiorodhesha kipande aliangalia upande wenye Kiebrania. Nyuma kuna maandishi ya Kiarabu, makubwa, mistari imeachana sana, mtu anaandika "Kiarabu" anaendelea. Kumbe zile ni amri na nyaraka za serikali ya Wafatimi, dola ya Kiislamu iliyokuwa inatawala Misri enzi zile! Karatasi ilikuwa ghali, ofisi ikizitoa watu walizikata wakaandika kwenye nafasi wazi. Marina Rustow wa Princeton amefuatilia nyaraka hizi akaonyesha dola iliyokuwa na kumbukumbu na ofisi zenye utaratibu, wakati watu walikuwa wanasema dola za Kiislamu za enzi zile hazikujali kutunza kumbukumbu. Picha za pande zote mbili, mbele na nyuma, zikiwa mahali pamoja, ndizo zilizorahisisha kumuunganishia mtu kipande cha amri kilichokatwa na kuishia kwenye vitabu viwili vya sala.

Kusoma je, mashine inasoma? Inasoma, ndiyo, na inazidi kusoma. Pale Paris wametengeneza programu huria inaitwa eScriptorium, ndani yake inatumia injini inaitwa Kraken. Unaipa picha, kwanza inatafuta mistari iko wapi, na hii ni ngumu kuliko mnavyofikiri maana mistari imepinda, imetobolewa na wadudu, kuna maandishi pembeni yamegeuzwa juu chini. Alafu inasoma mstari mmoja mmoja. Ili isome lazima uifundishe: unaipa kurasa ambazo mtu amezinakili sawasawa herufi kwa herufi, inalinganisha, inakosea, inajirekebisha. Tangu 2023 kuna mradi mkubwa wa Ulaya, MiDRASH, unaowaunganisha watu wa Paris, Tel Aviv, Bar-Ilan na wengine, wanataka kuyasoma kwa njia hii maandiko ya herufi za Kiebrania yaliyomo kwenye maktaba ya picha ya Yerusalemu inayoitwa Ktiv. Na Ktiv yenyewe mizizi yake ni mikrofilamu, tangu 1950 walikuwa wanatuma watu kupiga picha maandiko ya Kiebrania kwenye maktaba za dunia nzima. Mtu alikaa mwaka 1950 akawaza hivyo, leo mashine zinakula matunda yake.

Hapa sasa ndio panapotuhusu sana. Barua nyingi za geniza lugha yake ni Kiarabu, ila herufi ni za Kiebrania. Mashine ikifundishwa maneno ya Kiebrania ikakutana na barua hizo inachanganyikiwa, inajua sura za herufi lakini maneno haiyatambui, kwahiyo lazima wapatikane watu wanaojua vyote viwili wakae waifundishe upya. Sisi babu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tenzi na barua na hesabu, Lamu, Mombasa, Pate, Unguja. Tatizo ni lilelile kabisa! Na ile Kraken imeshatumika kwa maandiko ya Kiarabu siku nyingi. Inamaanisha mtu wa hapa anayeweza kusoma utenzi wa maandiko ya kale, akikaa akanakili kurasa za kutosha kwa uangalifu, anaweza kuifundisha programu hiyo bila kulipa leseni ya mtu. Miswada ya msikiti wa Riyadha pale Lamu imeshapigwa picha kidijitali. Picha zipo. Wasomaji ndio wanapungua kila tukizika mzee, na hilo linaniuma kusema kweli, maana mashine haiwezi kufundishwa na mtu aliyekwisha kufa.

Nisije nikamaliza muda nikiwa Fustat. Kuna habari ya En-Gedi, pembeni ya Bahari ya Chumvi. Mwaka 1970 wachimbaji walikuta sinagogi la kale lililoteketea kwa moto, na ndani ya sanduku takatifu kulikuwa na gombo limeungua likawa mkaa mtupu, ukiligusa linamomonyoka. Wakaliweka stoo. Likakaa humo miaka zaidi ya 40, hakuna aliyejua limeandikwa nini wala kama limeandikwa chochote. Walichofanya baadaye ni kulipitisha kwenye mashine ya CT skani ndogo yenye uwezo mkubwa, eksrei kutoka kila upande bila kuligusa, alafu data zikatumwa kwa Brent Seales pale chuo kikuu cha Kentucky, Marekani. Programu yao inafuata kila tabaka la ngozi ndani ya ule mkaa, tabaka moja moja lilivyojikunja, alafu inaangalia wapi pana uzito tofauti maana wino ulikuwa na uzito kuliko ngozi, inaweka alama, inalikunjua tabaka kwenye skrini mpaka linalala bapa. Herufi zikatokea. Mambo ya Walawi, mwanzo wa kitabu, sura ya 1 na ya 2! Walichapisha matokeo kamili 2016. Kipimo cha umri kwa kaboni kikasema ni la karne ya 3 au ya 4, na konsonanti zake ni zilezile zilizomo kwenye Biblia ya Kiebrania inayosomwa leo. Kitu hakijafunguliwa mpaka sasa hivi, kimesomwa kikiwa kimefungwa.

Magombo ya Bahari ya Chumvi yenyewe mnayajua, Mabedui waliyakuta kuanzia 1947, mapango 11 pale Qumran, vipande kama 25,000 vya magombo zaidi ya 900. Nitasema mawili matatu tu. Miaka ya 1950 mpiga picha Mpalestina, Najib Albina, alivipiga picha za infraredi, kwasababu ngozi iliyogeuka nyeusi kwenye infraredi inang'aa na wino wa mkaa unabaki mweusi. Picha zake bado zinatumika mpaka leo, kuna herufi alizipiga yeye ambazo kwenye ngozi hazipo tena. Tangu 2012 mamlaka ya mambo ya kale ya Israeli wameweka mtandaoni picha mpya, kila kipande kimepigwa kwa mawimbi 12 tofauti ya mwanga. Na mwaka 2020 pale Manchester, Joan Taylor aliangalia vipande ambavyo miaka yote vilihesabiwa kuwa vitupu, akavipiga kwa njia hiyo, vinne vikaonyesha maandishi.

Gombo kubwa la Isaya lina urefu wa mita 7 na zaidi, safu 54 za maandishi. Ukiliangalia kwa macho unaona mtu mmoja kaandika. Mladen Popović na wenzake wa Groningen, Uholanzi, wakachukua herufi moja, alefu, ambayo humo imetokea zaidi ya mara 5,000, kompyuta ikazipima zote, na 2021 wakasema waandishi ni wawili, wa pili kachukua kalamu karibu na safu ya 27 na akajitahidi sana kufuata mwandiko wa mwenzake. Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Huyu mtu hana jina, hana kaburi tunalolijua, lakini leo tunajua alikuwepo, na tunajua alikuwa na adabu ya kazi.

Watu haohao mwaka 2025 wakatoa programu ya akili mnemba wakaiita Enoch, kazi yake ni kukadiria umri wa gombo kwa kuangalia mwandiko, baada ya kufundishwa na magombo 24 yaliyopimwa kwa kaboni. Inasema magombo mengi ni ya zamani kuliko tulivyodhani. Mimi naona tuipokee kwa mikono miwili ila tusikimbie nayo, maana 24 ni mfano mdogo, na wataalamu wa miandiko walipoyapitia makadirio yake kwa magombo yasiyo na tarehe walikubali 79% kuwa yanaaminika, maana yake moja katika matano linahitaji mtu akae aliangalie upya. Na hilo jina nalo, Henoko, nalitaja kwasababu kitabu cha Henoko kilibaki kizima Ethiopia tu, kwa Kigeez, wakati Qumran vilipatikana vipande vya Kiaramu. Bila wamonaki wa Kihabeshi kukinakili karne zote hizo, wasomi wa magombo ya Qumran wangekuwa wameshika vipande hawajui ni vya nini.

Kuna la uongo pia lazima niliseme. Tangu 2002 hivi vilianza kuuzwa vipande vipya vya magombo, kwa pesa nyingi mno, na jumba la makumbusho la Biblia pale Washington lilikuwa na 16. Mwaka 2020 uchunguzi walioagiza wenyewe ukatoa majibu kwamba vyote 16 ni vya kughushi, na wakatangaza hadharani, nawaheshimu kwa hilo. Chini ya hadubini wino ulikuwa umeingia kwenye nyufa za ngozi kuukuu, yaani ngozi ilishapasuka kabla ya kuandikwa. Wasomi wenye macho walikuwa na mashaka muda mrefu, hadubini ikawapa ushahidi. Na ipo njia nyingine ya vinasaba, watafiti wa Tel Aviv walichukua vumbi la ngozi za magombo wakapima DNA, wakakuta nyingi ni za kondoo ila vipande viwili vya Yeremia ni ngozi ya ng'ombe, na jangwa lile halifugi ng'ombe, kwahiyo hizo ngozi zimetoka mahali pengine.

Nikajibu na maswali mawili. Dada mmoja aliuliza hizi karatasi ni za Misri, mbona ziko Cambridge. Ni swali zuri na sitalizunguka. Zilitoka kwa ruhusa ya viongozi wa sinagogi, lakini zilitoka wakati Misri iko chini ya Waingereza, na nyingine ziliuzwa na madalali tu. Picha zimefunguliwa kwa kila mtu na hilo ni jambo kubwa, mtu wa Kairo leo anaiona barua ya Fustat akiwa nyumbani kwake, ila anayemiliki karatasi ndio anaamua ifunguliwe mpaka wapi na kwa masharti gani. Na picha nazo zinahitaji mlinzi. Oktoba 2023 maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na picha za miswada yao zikapotea mtandaoni kwa miezi na miezi, za Kiebrania zikiwemo. Kwahiyo tukipiga picha vitu vyetu, nakala moja ibaki hapa, kwenye diski zetu, iwe mkononi mwetu hata seva ya huko ikizima.

Kaka mwingine aliuliza kama lazima ajue Kiebrania. Kuanza, hapana. Maktaba ya chuo kikuu cha Pennsylvania na wenzao mwaka 2017 walifungua mradi wa watu wa kujitolea, watu wa kawaida kutoka popote wanapanga vipande, hiki herufi za Kiebrania, hiki Kiarabu, hiki mwandiko rasmi, hiki wa haraka, na kazi yao imetumika. Lakini mkitaka kubaki kwenye kazi hii jifunzeni herufi, ni 22 tu, na mwenye Kiarabu atashangaa atakavyoelewa barua za Fustat haraka akishazijua, kwasababu anachokisoma ni Kiarabu.

Jumamosi saa nne asubuhi tunakaa kwenye chumba cha kompyuta cha maktaba hii. Tutaanza na barua za Aden kwenye kanzidata ya Princeton, mchana tutaweka eScriptorium kwenye kompyuta moja na kuijaribu na kurasa za utenzi ambazo mwalimu wetu mmoja amekubali kutuazima picha zake. Mwenye laptopu aje nayo, asiye nayo aje hivyohivyo, na kama kuna mtu ana mzee nyumbani anayesoma maandiko ya kale ya Kiswahili, tafadhali sana aje naye, nauli tutachangishana.